Karanga Zilizokataliwa: Historia ya Sumukuvu na Wakulima wa Nyanda za Juu

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wanachama na watumishi watasoma habari za maghala yaliyojengwa, mikopo iliyolipwa na malipo ya pili yaliyogawanywa. Habari hizo zina haki ya kuandikwa. Sisi tuliokabidhiwa kurasa hizi tumeona vema kueleza historia ya kitu kisichoonekana katika mizani wala katika leja, nacho ni sumu ya kuvu iingiayo katika karanga na mahindi, ambayo siku hizi huitwa sumukuvu. Kila msimu, mezani pa kuchagulia karanga, hutengwa punje zilizonyauka, zilizooza, zilizogeuka rangi na zilizotobolewa na wadudu. Mnunuzi hazitaki. Na kwa kuwa ni jasho la mwenye shamba, yeye huzifunga katika kitambaa akarudi nazo nyumbani. Historia tunayoileta hapa ni ya punje hizo: jinsi dunia ilivyojifunza kuzikataa, na ni nani aliyebaki kuzila.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba karanga si mmea wa asili wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioieneza katika pwani za bara letu. Watu wa pwani waliziita njugu nyasa, ili kuzipambanua na njugu mawe, ambazo ni za Afrika tangu kale. Huku kwetu hazikuenea kila mahali. Baridi ya Rungwe na Makete yapendelea viazi, ndizi, chai na pareto. Karanga zilipata makao katika nchi za chini zenye joto, kama vile Chunya, tambarare za Usangu, na zile sehemu za Momba na Mbozi ambazo zilikuwa katika Mkoa wa Mbeya mpaka ulipoundwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Zilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, zao la akina mama. Hutwangwa kuungia mboga, hukaangwa kwa wageni, na hutiwa katika uji wa mtoto aliyeanza kula. Neno hili la uji tunaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Mara ya kwanza serikali kubwa kuzitazama karanga za Tanganyika kwa macho ya tamaa ilikuwa mwaka 1946. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kupikia. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulishauri zifyekwe eka 3,210,000 katika Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa yake Tanganyika. Kazi ikaanzishwa Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliyofuata yanajulikana: ukame, udongo wa Kongwa uliokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, matrekta yaliyochakaa kabla ya wakati wake. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulitupwa, na hasara yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Vitabu vingi vimeandikwa kuucheka mpango ule, nasi hatuna haja ya kuongeza kicheko. Tunautaja kwa sababu moja tu. Katika hesabu zote zile za eka, tani na pauni, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza kama karanga iliyovunwa katika ukame yaweza kuwa na sumu. Elimu hiyo haikuwapo bado.

Ilikuja miaka tisa baadaye, nayo haikuletwa na maradhi ya watu. Katika kiangazi cha mwaka 1960 bata mzinga walianza kufa katika mashamba ya Uingereza. Walikataa chakula, wakalegea mabawa, na baada ya siku chache wakafa; walipopasuliwa, maini yao yalionekana yameharibika. Walikufa zaidi ya 100,000. Kwa kuwa chanzo hakikujulikana, maradhi yakaitwa ugonjwa X wa bata mzinga. Waganga wa mifugo walitafuta vijidudu wasivione. Mwishowe waligundua kwamba mashamba yote yaliyopata msiba yalikuwa yakilisha chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazili. Haukupita muda mrefu mashudu kutoka Afrika Mashariki nayo yakaonekana kuwa na sumu iyo hiyo. Mwaka 1961 kuvu yenyewe ilitambuliwa, nayo ni ile iitwayo na wataalamu Aspergillus flavus. Na kutokana na jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno sumu hiyo hung'aa, nyingine rangi ya buluu na nyingine ya kijani, na kwa mng'ao huo ndipo wataalamu walipoweza kuanza kuipima.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Yale mashudu ni makapi yabakiayo baada ya mafuta kukamuliwa. Sumu haipendi kufuata mafuta. Sehemu kubwa yake hubaki katika mashudu. Kwa hiyo waliokula mafuta yaliyosafishwa viwandani hawakudhurika, na walioupokea msiba ni ndege waliolishwa masalio. Laiti wenye mashamba wale wangekuwa maskini na bata wao kumi kumi, huenda hata leo tusingalijua kitu. Ni thamani ya bata mzinga iliyowapeleka wataalamu maabara.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, walakini yalikwenda upande mmoja. Nchi zinunuazo karanga ziliweka mipaka ya sumu, kisha zikaikaza. Jumuiya ya Ulaya ilipatanisha sheria za nchi wanachama wake mwaka 1998, na kwa karanga za kuliwa moja kwa moja mpaka ukawa mikrogramu 4 katika kilo moja. Majirani zetu wa Malawi, waliokuwa wakiuza karanga kubwa kubwa Uingereza, waliupoteza sehemu kubwa ya soko lile, na sumukuvu ilikuwa miongoni mwa sababu. Hapa kwetu na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kilo, na aina ile kali kuliko zote, iitwayo B1, isizidi 5. Mwanachama atauliza, mikrogramu 10 ni nini? Tumfanyie hesabu. Gramu moja ya sumu safi, yaani uzito wa punje mbili hivi za karanga, yatosha kufikisha kwenye mpaka wa sheria tani 100, ambazo ni magunia 1,000 ya kilo mia mia.

Na watu je? Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka aflatoksini katika daraja la kwanza la vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Saratani yake ni ya ini, na hatari huzidi sana kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini ya aina B. Hayo ni madhara ya miaka mingi. Lakini sumu ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, Kenya, watu 12 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa ukubwa zaidi Makueni, Kitui, Machakos na Thika: waliougua 317, waliokufa 125. Na mwaka 2016 ulitufikia sisi. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, macho yamegeuka manjano na matumbo yamejaa. 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulipofanywa, chanzo kilikutwa katika mahindi waliyolima wenyewe na kuyahifadhi nyumbani mwao. Hawakuuziwa na mtu.

Wapo kati yetu wasemao kwamba mambo hayo ni ya nchi kavu za Dodoma na Ukambani, na kwamba baridi ya milima yetu hutukinga. Neno hilo lina nusu ya ukweli. Kuvu itoayo aflatoksini hupenda joto na ukame, kwa hiyo karanga za Chunya na Usangu zina hatari kuliko mahindi ya Njombe. Lakini baridi na mvua zina kuvu yake nyingine, iitwayo Fusarium, ishambuliayo mahindi yakiwa bado shambani na kutoa sumu iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988, jina lake fumonisini. Mahindi ya majumbani yalipopimwa katika mikoa ya Iringa, Ruvuma, Tabora na Kilimanjaro, sampuli 120 kwa jumla, fumonisini ilikutwa katika zaidi ya nusu, na aflatoksini katika asilimia 18.

Hata katika kijiji cha Nyabula, Mkoa wa Iringa, pamoja na vijiji viwili vya Tabora na Kilimanjaro, wataalamu walipima damu na mkojo wa watoto wadogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Kati ya watoto 148, asilimia 84 walikuwa na alama ya aflatoksini katika damu, na asilimia 96 walikuwa na fumonisini katika mkojo. Watoto wa vijiji hivyo hivyo walipofuatwa kwa mwaka mzima, ilionekana kwamba wale waliokuwa na fumonisini nyingi walirefuka kidogo kuliko wenzao. Hapo ndipo tunapolirudia lile neno la uji. Uji wa mtoto wa kwetu ni mahindi, na mama mwenye bidii hutia karanga ili umpe nguvu. Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa ilishayo taifa. Na uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 hivi ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Hatusemi kwamba sumukuvu ndiyo iliyowadumaza wote. Udumavu una sababu nyingi: kulishwa mara chache, maji machafu, mama kuwa na kazi zisizompa nafasi ya kumkalia mtoto. Twasema tu kwamba nchi yenye ghala zilizojaa na watoto wafupi haina haki ya kulipuuza shaka hili.

Sasa tuje katika mambo ya mikononi mwetu. Kuvu hukaa udongoni daima, wala hakuna awezaye kuimaliza. Huingia katika karanga pale ganda linapopata ufa: jua kali mwishoni mwa msimu wakati punje zinajaa, mchwa, ncha ya jembe, au kuchelewa kung'oa. Baada ya kung'oa, adui ni unyevu. Karanga zilizoachwa zimerundikwa mbichi, au zilizoanikwa juu ya udongo mtupu na kunyeshewa, huwa zimekwisha kuharibika kabla ya kuona mlango wa ghala. Ndiyo maana ya turubai na vichanja. Karanga iliyokauka barabara, ukiitikisa sikioni, punje hulia ndani ya ganda.

Lakini kosa kubwa kuliko yote hutendeka baada ya kukauka, na lina sababu ya kibinadamu kabisa. Kubangua karanga kwa vidole ni kazi ya kuchubua mikono. Mwanamke mwenye magunia matano ya kubangua hunyunyizia maji usiku ili maganda yalainike, na asubuhi kazi huwa nyepesi. Maji yale ndiyo chakula cha kuvu. Tena wako wanunuzi wa njiani ambao hunyunyiza maji kwa nia nyingine, nayo ni uzito. Wa kwanza hawezi kukemewa kwa hotuba. Dawa yake ni mashine ya kubangulia iliyo karibu na kwa gharama anayoiweza. Wa pili ni mwizi, na dawa yake inajulikana.

Sumu ikishaingia haitoki kwa kuchemsha, wala kuosha hakuiondoi, na kukaanga huipunguza tu. Hata hivyo ina tabia moja iliyo msaada kwetu: haienei sawasawa. Gunia zima laweza kuwa safi, na sumu yote ikawa imejikusanya katika punje chache. Zimepata kupimwa punje mbovu ambazo moja yake ina sumu ya kutosha kuvusha mpaka wa sheria makumi ya kilo za karanga safi. Kwa sababu hiyo bambo la mkaguzi laweza kuchoma gunia mahali penye usalama, sampuli ikapita, na gunia likawa bovu. Au likachoma pabaya na mtu mwaminifu akakataliwa mzigo. Wanachama waliopata kulalamika kwamba vipimo viwili vya gunia moja havikukubaliana hawakuwa waongo, na wapimaji vilevile hawakuwa waongo. Na kwa sababu hiyo hiyo kuchagua kwa macho na mikono, kazi ionekanayo duni, hufanya kazi ambayo mashine nyingi za gharama haziiwezi. Mtu akizitoa punje zilizonyauka, zilizogeuka rangi na zilizoota ukungu, ameitoa sehemu kubwa ya sumu.

Basi hapo tumerudi kwenye kitambaa cha karanga zilizokataliwa. Kadiri tunavyochagua vizuri, ndivyo zile zilizotengwa zinavyozidi kuwa hatari, maana sumu ya gunia zima imekusanywa ndani yake. Nazo hazitupwi. Hutwangwa, kwa kuwa zikitwangwa haziwezi tena kutambulika, zikatiwa katika mboga na katika uji. Au huuzwa kwa bei ya chini katika minada kwa watu maskini kuliko muuzaji. Karanga nzuri ya Chunya husafiri mpaka mjini ikiwa na cheti. Mbovu yake hubaki kijijini bila cheti. Tangu mwaka 1960 elimu yote hii imekuwa ikijengwa kumlinda alaye mbali, na kila kizuizi kipya mpakani huongeza kitambaa kile uzito. Tuliliona hilo tena tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye mpaka ulifunguliwa kwa masharti ya cheti. Magazeti yaliandika mengi juu ya malori yaliyozuiwa, na machache sana juu ya mahali yalipokwenda mahindi yaliyorudishwa.

Hatutaki kusemwa kwamba tumeandika mabaya tu. Mwaka 2018 iliandikishwa nchini dawa ya Aflasafe TZ01, ambayo kwa kweli ni kuvu ya hapa hapa nchini isiyo na sumu, iliyopakwa katika punje za mtama. Kilo 4 kwa eka, zikimwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, huiwahi ile yenye sumu na kuinyima nafasi. Karanga nazo hutiwa dawa hiyo. Tangu mwaka 2019 serikali, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliendesha mradi maalumu wa kupambana na sumukuvu, ukajenga maghala na kuwafunza maofisa ugani. Na moja ya vituo vyake vikubwa ulikiweka Mtanana, katika wilaya ile ile ya Kongwa. Wazee walioyaona matrekta ya mwaka 1947 wangalishangaa.

Kituo cha utafiti cha Uyole, hapa Mbeya, kiko karibu kuliko Kongwa, na vyama vya msingi vimezoea kukitegemea kwa mbegu na ushauri. Lakini hakuna kituo kiwezacho kutuamulia habari ya karanga mbovu, kwa kuwa ni habari ya fedha na ya jiko. Wako wanachama wanaotaka Chama kizinunue zote kwa bei ndogo na kuziteketeza kwa moto, ili asiwepo mwenye sababu ya kurudi nazo. Wengine wajibu kwamba kulipia kibovu ni kumfundisha mtu uvivu wa kuanika. Wengine wataka zikamuliwe mafuta. Nao wakumbuke mambo mawili, kwamba mafuta ya mashine ndogo yasiyosafishwa huweza kubaki na sumu kiasi, na kwamba mashudu yake hayafai kwa kuku wala kwa ng'ombe, maana sumu hupita hadi katika maziwa. Sisi twaegemea upande wa kuzinunua na kuziteketeza, kwa bei iliyo chini sana kiasi kwamba hakuna atakayeilimia, na iliyo juu kidogo ya ile ya mnadani. Twajua kwamba fedha hiyo itatoka katika ushuru wa wanachama wote, pamoja na wale wa milimani wasiolima karanga hata debe moja.

Jambo hilo limewekwa katika ajenda ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu, mara baada ya taarifa ya hesabu. Wajumbe waombwa kuja wakiwa wamekwisha kuuliza majumbani mwao ni debe ngapi zilizorudi kutoka ghalani msimu uliopita, na zilipikwa nini.